Nani Atamdhamini? Kanisa na Mahabusu wa Dar es Salaam

Mhadhara wa umma uliotolewa Kariakoo



Wakristo wa Marekani wanaojadili kufungwa kwa watu kwa halaiki wanatoka katika nchi yenye wafungwa zaidi ya 500 kwa kila watu 100,000. Sisi hatukaribii hapo. Tatizo letu ni jingine. Kwa sehemu kubwa ya muongo uliopita, takribani nusu ya waliokuwa magerezani Tanzania walikuwa mahabusu, watu ambao hakuna hakimu aliyewatia hatiani.

Sasa itazameni huduma yetu. Krismasi na Pasaka tunakwenda Keko na Segerea na sabuni, sukari, kwaya na mahubiri ya toba. Sibezi, sabuni ni kitu kikubwa kwa asiye na ndugu wa kumletea. Lakini tunamhubiria toba mtu ambaye sheria bado inamhesabu hana kosa, kisha tunapanda basi kurudi. Mazoea haya ni ya zamani. Gereza lililofunguliwa Philadelphia mwaka 1829 lilitokana na fikra za Wakristo wa madhehebu ya Quaker, walioamini kwamba mtu akifungiwa peke yake atatubu. Charles Dickens alilitembelea mwaka 1842 akaona ni ukatili mtupu.

Machinga wa Mtaa wa Kongo aliyeshtakiwa kwa kosa lenye dhamana, sheria haimzuii kutoka. Kinachomkwamisha ni wadhamini. Kwa kawaida wanatakiwa wawili, wenye vitambulisho na barua za serikali ya mtaa, wakubali kusaini bondi. Yeye amekuja juzi kutoka Njombe au Mtwara, analala chumba kimoja na wenzake, na mwenye nyumba hajui hata jina lake. Kesi inatajwa, inaahirishwa, karandinga linamrudisha.

Biblia inalijua jambo hili kuliko mimbari zetu. Mithali inaonya zaidi ya mara moja dhidi ya kumdhamini mgeni, na hapo sidhani kama kuna mwenye duka Kariakoo atakayebisha. Lakini Yuda alijitoa kuwa mdhamini wa Benyamini mbele ya baba yao. Yasoni wa Thesalonike, katika Matendo 17, alitozwa dhamana kwa ajili ya Paulo na Sila. Na Paulo, akiwa mwenyewe kifungoni, alimwandikia Filemoni kwamba deni la Onesimo aandikiwe yeye. Nasoma hivi: Mithali haikukosea, hasara ipo, na Wakristo wa kwanza waliibeba.

Kwenye makosa yasiyo na dhamana mdhamini hana kazi. Hapo kanisa linadaiwa sauti. Mei 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachozuia dhamana kwa makosa hayo, kinakiuka Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Juni 2021 mashehe wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, waliachiwa baada ya mashtaka ya ugaidi kufutwa, wakiwa wamekaa mahabusu zaidi ya miaka 6. Ni makanisa mangapi ya jiji hili yaliyowaombea? Nauliza mbele ya mashehe waliopo hapa, tena kwa makusudi.

Mtaniambia waumini hawana uwezo. Jiji hili linalochangia harusi! Kamati ya harusi ina mwenyekiti, mhazini, orodha ya ahadi na mtu wa kuwapigia simu wanaokwepa. Bondi, mara nyingi, haidai fedha taslimu hadi mshtakiwa atoroke.

Ombi langu kwa kila usharika na parokia ya Ilala ni hili: teueni waumini wenye makazi yanayojulikana, wapangeni zamu za kwenda mahakamani, wamtafute mahabusu asiye na mtu, wamsikilize, na wakiridhika wamdhamini. Dini yake msiiulize.