Nyama Haichaguliwi kwa Rangi: Mazungumzo kwa Wakazi wa Ogembo

Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo kuhusu usalama wa nyama, yaliyoandaliwa kwa ajili ya wakazi wa Ogembo. Yanachapishwa hapa kwa ukamilifu ili vyama vya akina mama, vikundi vya vijana na makanisa kote katika kaunti yaweze kuyasoma na kuyajadili.



Saa kumi na moja jioni, mteja anaingia buchani. Kwenye ndoano kuna mapande mawili ya nyama. Moja limeanza kuwa la kahawia pembeni. La pili linang'aa, jekundu vilevile lilivyokuwa asubuhi. Wateja wengi watanyoosha kidole kwa lile la pili na hawatauliza swali lolote. Mazungumzo haya yanahusu uamuzi huo mdogo, kwa sababu ndio unaowafanya baadhi ya wauzaji kutia kemikali kwenye nyama.

Kwanza, rangi yenyewe. Nyama ikikatwa, ndani huwa na weusi wa zambarau. Ikipata hewa inakuwa nyekundu. Ikikaa zaidi, inageuka kahawia. Mabadiliko haya hutokea kwa nyama yoyote ya ng'ombe, hata ile iliyochinjwa vizuri na kukaguliwa. Kahawia kidogo pembeni si dalili ya kuoza. Dalili za kuoza ni harufu mbaya na utelezi unaonata vidoleni. Kwa hiyo nyama iliyokaa kutwa nzima bila friji, na bado ina wekundu wa asubuhi, ndiyo inayostahili kuulizwa maswali. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Yaliyofichuliwa mwaka 2019

Mwezi wa Julai 2019, runinga ya NTV ilionyesha uchunguzi wa mwanahabari Dennis Okari uliowashtua Wakenya. Uchunguzi huo ulihusu nyama iliyotiwa kemikali ili ionekane mbichi katika maduka ya Nairobi. Mamlaka za afya zilianza kukagua maduka na kuchukua sampuli. Jina moja likawa midomoni mwa kila mtu: sodiamu metabaisalfaiti.

Kemikali hiyo si sumu iliyobuniwa gizani. Ina matumizi yake halali, kwa mfano katika kuhifadhi matunda yaliyokaushwa na kutengeneza mvinyo, na viwango vyake hupimwa. Shida huanza inaponyunyizwa kwa mkono, bila kipimo, juu ya nyama mbichi. Hapo inaleta madhara matatu.

La kwanza, inaficha umri wa nyama. Rangi inabaki ya leo ilhali nyama ni ya juzi, na mteja ananyimwa dalili ambayo jicho lake lingeiona.

La pili, inaweza kumletea mwenye pumu shida kubwa ya kupumua. Si kila mgonjwa wa pumu huathirika, lakini baadhi yao hubanwa kifua baada ya kula chakula chenye kemikali za jamii hii. Mzazi anaweza kumkimbiza mtoto hospitalini usiku, akilaumu vumbi au baridi ya Ogembo, asijue kwamba chanzo kilikuwa kwenye sahani.

La tatu, inaharibu vitamini B1, ambayo ni mojawapo ya faida za kula nyama. Familia inalipa bei kamili kwa chakula kilichopunguzwa.

Soseji, smoki na bekoni

Kuna nyama nyingine ambayo kemikali zake hazikufichwa. Zimeandikwa kwenye pakiti, ila ni wachache wanaosoma. Hizi ni soseji, smoki, hemu na bekoni. Familia nyingi za Gusii hazili nguruwe kwa sababu ya imani, hasa Waadventista Wasabato, nao huona kwamba habari ya bekoni haiwahusu. Lakini soseji ya ng'ombe au ya kuku inaweza kuhifadhiwa kwa chumvi zilezile zinazotumika kwenye bekoni.

Chumvi hizo huitwa naitraiti na naitreti. Kwenye pakiti huonekana kwa nambari: E249 na E250 ni naitraiti, E251 na E252 ni naitreti. Kemikali za jamii ya salfaiti zina nambari kuanzia E220 hadi E228, na ile ya mwaka 2019 ni E223. Mwenye mtoto wa pumu anaweza kuziandika nambari hizi kwenye karatasi na kwenda nazo dukani.

Ni haki kusema pia kwamba naitraiti ina kazi. Inazuia bakteria hatari aitwaye botulinamu, ambaye sumu yake inaweza kuua. Pia ndiyo inayoipa bekoni rangi ya waridi na ladha yake. Lakini nyama yenye naitraiti ikikaangwa kwa moto mkali, zinaweza kutokea kemikali ziitwazo naitrosamini, ambazo zinahusishwa na saratani.

Oktoba 2015, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka nyama ya kusindikwa katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Wataalamu 22 kutoka nchi 10 walipitia tafiti zaidi ya 800. Walieleza kwamba kila gramu 50 za nyama hiyo zinazoliwa kila siku, karibu uzito wa soseji moja ya wastani, huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Hiyo si kusema kwamba watu 18 kati ya 100 watapata saratani. Maana yake ni kwamba hatari ambayo mtu tayari anayo, ambayo kwa wengi ni ndogo, inapanda kwa kiwango hicho, na inazidi kupanda kadiri anavyokula zaidi.

Kijana anayesukuma kigari cha smoki na mayai pale steji anatafuta riziki yake kihalali, na smoki moja na kachumbari siku moja moja haijaangamiza mtu. Tatizo ni mazoea: soseji kila asubuhi kwa mtoto anayekwenda shule, smoki kila jioni kwa mwendeshaji bodaboda.

Msomaji wa pakiti ajihadhari pia na maneno matamu. Baadhi ya bidhaa, hasa zinazotoka nje ya nchi, hujitangaza kuwa hazikuongezewa naitraiti, kumbe zimetiwa unga wa seleri. Mmea huo una naitreti nyingi kiasili, na ndani ya nyama hugeuka kuwa naitraiti ileile. Jina limebadilika, kazi ni moja.

Jinsi ya kupata nyama safi

Habari njema ni kwamba nyama isiyo na kemikali haihitaji safari ya Nairobi. Iko Ogembo, mradi mnunuzi ajue la kuangalia.

Aanze na mhuri. Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356, inataka mnyama akaguliwe kabla ya kuchinjwa, na nyama ikaguliwe baada ya kuchinjwa, kisha ipigwe mhuri. Mteja ana haki ya kuomba kuonyeshwa mhuri kwenye paja au bega. Mwenye bucha mwaminifu hachukizwi na ombi hilo, kwa sababu mhuri ni sifa yake.

Aangalie nyama ilivyofika. Nyama hubebwa ndani ya sanduku safi lililofungwa. Haistahili kuja ndani ya gunia nyuma ya pikipiki. Aangalie mhudumu: koti jeupe, kofia, mikono safi, na cheti cha afya. Aulize ng'ombe alichinjwa lini. Kwa asiye na friji, ni afadhali anunue asubuhi nusu kilo ya kupika siku hiyo kuliko kilo mbili za kulaza.

Kuna wanaosema nyama ambayo nzi hawaitui ina dawa. Hilo pekee si ushahidi, kwani bucha nzuri huzuia nzi kwa wavu na kioo. Atakayeshuku aangalie mambo yote kwa pamoja.

Kwa vyama vinavyochanga pesa kununua ng'ombe wa Desemba, ushauri ni mmoja: mnyama apelekwe machinjioni kunakoruhusiwa, si kuchinjiwa nyuma ya nyumba. Na ng'ombe aliyekufa ghafla, hasa anayetokwa na damu isiyoganda puani au mkunduni, asipasuliwe wala kuliwa hata kidogo. Hizo zinaweza kuwa dalili za kimeta. Daktari wa mifugo aitwe mara moja. Mfugaji naye akumbuke siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa. Ng'ombe aliyedungwa sindano asichinjwe kabla siku hizo hazijaisha.

Jikoni

Asiyetaka soseji za pakiti anaweza kutengeneza zake. Nusu kilo ya nyama ya ng'ombe isagwe mbele ya mteja. Nyumbani iongezwe kitunguu kilichokatwa vidogo, kitunguu saumu, dhania, pilipili manga na kijiko kimoja kidogo cha chumvi. Itengenezwe vipande bapa, ikaangwe kwa mafuta kidogo na moto wa wastani hadi ndani pasiwe na wekundu. Nyama ya kusaga huharibika haraka kuliko pande zima, kwa hiyo ipikwe siku hiyohiyo.

Wanaokula nguruwe wanaweza kutengeneza kitu kinachokaribia bekoni. Kilo moja ya nyama ya tumbo, iliyokaguliwa, ikatwe vipande vyembamba. Ipakwe vijiko viwili vidogo vya chumvi, kimoja cha sukari, na pilipili manga. Ifunikwe na kulazwa ndani ya friji usiku mmoja. Asubuhi ifutwe maji na kukaangwa polepole hadi iive kabisa. Asiye na friji aipake chumvi na kuipika siku hiyohiyo. Kwa kuwa haina naitraiti, nyama hii haihifadhiki kama ya dukani, na ndani ya friji iliwe kwa siku mbili au tatu. Nguruwe asiliwe akiwa hajaiva, kwa sababu anaweza kuwa na tegu, na mayai ya mnyoo huyo yakiingia mwilini, mabuu yake yanaweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa.

Atakayepika hivi ataona jambo moja: nyama yake itaiva na kuwa ya kijivu, si ya waridi. Asidhani amekosea. Hiyo ndiyo rangi ya nguruwe asiye na dawa.

Na nyama isikae peke yake sahani nzima. Obokima, chinsaga au rinagu, na kipande cha nyama kando, ni mlo ambao wazee wa Gusii walijua thamani yake kabla ya pakiti yoyote kufika sokoni. Siku ambazo mfuko hauruhusu nyama, kuna maharagwe, mayai na omena.

Wajibu wa kila upande

Katiba ya mwaka 2010 iko wazi. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa na ya kupata habari kuzihusu. Jedwali la Nne limezikabidhi kaunti machinjio, huduma za mifugo na utoaji wa leseni kwa wanaouzia umma chakula. Kwa hiyo ukaguzi si hisani ya serikali ya kaunti, ni kazi yake, na mkazi ana haki ya kuuliza iwapo inafanyika.

Lakini mkaguzi hawezi kusimama kila bucha kila saa. Mkazi akishuku nyama, asiitupe wala asianze kuzozana na muuzaji sokoni. Aifunge, aiweke mahali pa baridi, akumbuke ilinunuliwa wapi na saa ngapi, kisha aipeleke kwa afisa wa afya ya umma wa wadi au wa kaunti ndogo. Asitangaze jina la bucha kabla ya uchunguzi, kwa sababu uvumi unaweza kufunga biashara ya mtu asiye na hatia.

Mwenye bucha naye ana shida zake. Stima ikipotea, nyama inageuka rangi, na wateja wanampita kwenda kwa jirani mwenye nyama inayong'aa. Anayekataa kutumia dawa anapata hasara kwa uaminifu wake. Kinachoweza kumwokoa ni mteja anayejua kwamba kahawia kidogo si uovu, anayeomba kuona mhuri, na anayerudi kesho kwa yule aliyemwambia ukweli leo.

Kwa hiyo, jioni ya leo, mtu akiingia buchani na kuona yale mapande mawili, aulize kwanza: huyu alichinjwa lini, na mhuri uko wapi? Kisha ndipo anyooshe kidole.