Mlango wa nyuma wa atelye
(Maneno ya animateri wetu mbele ya wamama washonaji na komite)



Juzi nilipita kwenye atelye yetu. Mashini zinalia, kazi inaenda. Lakini mlango wa nyuma una kadena, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu asiyekuwapo. Nikauliza, juu ya nini? Wakanijibu: juu ya wizi wa vitenge. Sicheki, hata mimi nimeshaibiwa.

Jibu hilo nililikuta kwanza universite, katika historia ya New York. Mwaka 1909 maelfu ya wasichana washonaji waligoma, na Clara Lemlich, mshonaji wa miaka 23, ndiye aliyesimama mkutanoni akawaita. Patroni wa kiwanda cha Triangle walikataa kutambua sendika yao. Siku ya posho, tarehe 25 Machi 1911, moto ukaanza etaji ya 8. Etaji ya 9, mlango mmoja ulikuwa umefungwa na ufunguo, sababu patroni waliogopa kuibiwa. Ngazi za wazima moto zilifika etaji ya 6 tu. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji, Wayahudi na Waitaliano. Maisha ya ugenini sisi tunayajua.

Na sheria ya kukataza kufunga milango saa za kazi ilikuwapo tayari! Lakini haikufuatwa. Korti ikawaachilia patroni.

Frances Perkins alikuwa karibu siku ile, akakimbia, akawaona wakiruka madirishani. Serikali ilipounda tume ya kuchunguza viwanda, yeye akawapeleka wakubwa wenyewe humo ndani. Robert Wagner, seneta mzima, alimpitisha kwa kutambaa katika katundu kadogo ukutani, kalikoitwa njia ya kukimbilia moto. Nje ni ngazi ya chuma yenye barafu. Hapo ndipo nampenda huyu mama. Baadaye zikaja sheria za mazoezi ya moto na za kupunguza saa za kazi. Mwaka 1933 akawa waziri wa kazi, mwanamke wa kwanza kuwa waziri Marekani, na 1938 nchi nzima ikapata sheria ya mshahara wa chini.

Sasa, wababa wa komite, leo tukitoka hapa tupite wote atelye. Wamama wataketi kwenye mashini, mlango wa mbele tutaufunga, na nyinyi mtutolee kule nyuma. Komeo la kufungulia ndani linauzwa sokoni, na pesa iko katika sanduku la chama.