Hadaa ya Simu na Mashauri ya Nyumbani



Jambo nililokusudia kulinena leo ni balaa lisilobisha hodi wala kuruka ua, ila huingia nyumbani kwa mlio wa simu, likasema kwa adabu na upole, likamwita mzee "mzee wangu" na mama "mama yangu", na kabla chai haijapoa likawa limekwisha kuondoka na ada ya mtoto, au kodi ya miezi sita, au thamani ya magunia ya alizeti yaliyolimwa kwa jua la msimu mzima. Ni hadaa ya matapeli wa simu. Na ingawa habari zake zimesimuliwa sana vibarazani na katika mabasi, naona tumezisimulia zaidi kama vituko vya wajinga, tukasahau kwamba ni msiba wa aila zetu, wenye sababu zake na wenye dawa yake.

Nani katika Tanzania asiyeujua ule ujumbe usemao, "Ile hela itume kwenye namba hii"? Humfikia mwenye deni na asiye na deni, kwa kuwa aliyeutuma hamjui yeyote katika hao anaowaandikia. Huutawanya kwa namba nyingi kadiri awezavyo, akitumaini kwamba miongoni mwao hakosekani mmoja ambaye asubuhi ile ile ameahidi kumpelekea mtu fedha. Nasi wa Dodoma tuna sababu ya kuuchelea, kwani tangu kuanzishwa kwa Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka 2007, na tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa dhati mwaka 2016, wapangaji wamejaa Nkuhungu na Kisasa, Nzuguni na Ihumwa, na wengi wao ni wageni ambao aghalabu hukutana na mwenye nyumba kwa simu tu. Mtu wa namna hiyo, siku ya kodi ikiwa imekaribia, apatapo maneno kwamba kodi aitume kwa namba hii na jina litakalotokea ni la mke, haoni ajabu yoyote ndani yake. Jiwe la gizani limempata mwenyewe.

Walakini nzito kuliko zote ni simu yenye kuleta habari za mtoto. Msemaji hujitambulisha kuwa mwalimu wa zamu. Mwanafunzi ameanguka bwenini, amefikishwa hospitali, dawa yatakiwa inunuliwe sasa hivi, naye mkuu wa shule yumo wodini pamoja na mgonjwa na simu yake imezimwa. Angalieni, wasikilizaji, ustadi wa maneno hayo ya mwisho: kwa kauli moja tapeli amekwisha kuufunga mlango ambao mzazi angeupitia kwenda kuuliza. Mama aliyeko Mpwapwa, mwanawe yuko bweni mkoa wa mbali, hana tena la kufikiri ila sura ya mtoto wake, na mkono wake umekwisha kuishika simu kuhesabu salio.

Yuko na yule ajitiaye kuwa wa huduma kwa wateja, asemaye kwamba laini yako itafungwa leo usipomsomea tarakimu zilizoingia punde kwa ujumbe, au usipobonyeza namba atakazokutajia. Wako pia wa zawadi usizozishindania, wa fedha "zilizokosewa" zitakiwazo kurudishwa, wa waganga wa utajiri na wa Freemason. Sitawakawilia, kwa kuwa wote ni mashina ya mzizi mmoja.

Mzizi huo ndio ninaoutaka tuutazame. Zikusanyeni hadaa hizi zote, muivue kila moja nguo zake, mtaona kwamba tapeli huomba mambo mawili kabla hajaomba fedha: huomba haraka, na huomba siri. Haraka humzuia mtu asijiulize mwenyewe. Siri humzuia asiulizwe na wenziwe. Ndiyo maana hukwambia usikate simu, ndiyo maana hukwambia usimshughulishe baba kazini, ndiyo maana hukwambia kwamba dirisha la malipo linafungwa baada ya dakika kumi. Akinyimwa haraka amenyimwa silaha, na akinyimwa siri amenyimwa maficho. Na maadamu mambo hayo mawili hayawezi kuchukuliwa kwa nguvu, bali hutolewa na sisi wenyewe, basi kinga iko mikononi mwetu.

Wala kinga hiyo si ngeni katika nyanda hizi. Katika Ugogo mtu hakufundishwa kumwaga haja yake kabla salamu hazijatimia: hutangulia "mbukwenyi", zikafuata habari za nyumba, za watoto, za mifugo na za mvua, hata mgeni akajulikana atokako na ajiliacho. Na ng'ombe wa mahari hawatoki zizini kwa neno la mtu mmoja; ndugu hukaa, husikilizana, mwenye shaka akaisema shaka yake, ndipo mnyama akafunguliwa. Je, ikiwa wazee wetu hawakumtoa ng'ombe pasipo kikao, ni kwa hoja gani fedha zilizopatikana kwa kumuuza ng'ombe yule yule zitolewe kwa kauli ya mtu tusiyemwona, katika muda usiotosha hata salamu moja kamili?

Nasema hivi kwa sababu mali imebadilisha makazi yake. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata, mkulima wa Kongwa anayerejea kutoka soko la nafaka la Kibaigwa aweza kuwa amechukua mapato ya mwaka katika mfuko wa shati. Na kwa kuwa nyanda zetu hupata msimu mmoja tu wa mvua, baina ya Desemba na Aprili, atakayepokonywa mapato hayo mwezi wa saba hana mavuno mengine ya kuyangojea mpaka mwaka ugeuke. Zizi lilikuwa na mlinzi, na ghala lilikuwa na ufunguo. Simu imeachiwa mtu mmoja, mara nyingi akiwa peke yake, na mara nyingi akiwa amechoka.

Serikali haikukaa kimya. Usajili wa laini kwa alama za vidole, pamoja na kitambulisho cha taifa, ulianza tarehe 1 Mei 2019, na tangu tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Kabla ya hapo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilikuwa imekwisha kuufanya udanganyifu wa namna hii kuwa jinai. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, hutoa kila robo mwaka hesabu za laini zilizotumika katika majaribio ya ulaghai, na mikoa ya Rukwa na Morogoro imekuwa ikitajwa mara kwa mara kuwa mbele. Lakini asiseme mtu wa Dodoma kwamba ubaya huo uko mbali, kwa sababu mlio wa simu haujui mpaka wa mkoa.

Ama swali la kwamba matapeli hupataje laini ilhali kila laini ina jina na kidole, jibu lake latuhusu sisi wenyewe. Wakala asiye mwaminifu humwambia mteja, "Kidole hakijasoma, weka tena," na kidole cha pili kikasajili laini ya pili, ambayo mwenye jina haioni wala haijui, mpaka siku polisi watakapomtafuta kwa kosa la mtu mwingine. Kwa hiyo kila mmoja wetu na apige *106# aangalie ni laini zipi zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na aionapo asiyoitambua aende kwa mtoa huduma iondolewe. Tena tujue kwamba mtoa huduma halali humpigia mteja wake kwa namba 100 peke yake. Na ujumbe wa kitapeli upelekwe kwa namba 15040, ili laini iliyoutuma ifungwe isije ikamfikia jirani.

Lakini mamlaka haiwezi kuketi sebuleni kwetu simu inapolia. Hapo panahitajiwa mapatano ya nyumba, nami napendekeza haya. Kwanza, mtu yeyote wa nyumba hii, mkubwa kwa mdogo, asitume fedha kwa sababu ya simu au ujumbe mpaka mtu mzima wa pili ameisikia habari hiyo. Pili, simu ya dharura ikatwe, kisha mpigiwa apige mwenyewe kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani. Namba za mwenye nyumba, za mkuu wa shule na za mwalimu wa bweni ziandikwe kwa kalamu na kubandikwa ukutani, kwa maana mtu aliyeshikwa na fazaa hatafuti vizuri. Tatu, namba ya siri haitajwi kwa yeyote, hata akijua jina lako lote na kijiji ulikozaliwa, kwani hayo hupatikana kwa njia nyingi. Nne, nyumba iwe na swali lake, ambalo jibu lake halijulikani nje ya aila: jina la mbwa wa babu, au mahali kilipokuwa kisima cha kwanza. Hili la nne mtu aweza kuliona ni kupita kiasi. Ila mwaka 2023 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliwaonya raia wake juu ya walaghai wanaoiga kwa akili mnemba sauti ya ndugu wa mtu, na lililofika huko halishindwi kufika huku.

Mtu ataniuliza: na ikiwa ni kweli mtoto anaumwa? Ni swali la haki, na la mzazi mwenye huruma. Namjibu kwamba ukweli haudhuriwi na swali. Mwalimu wa kweli hufurahi mzazi anapompigia mkuu wa shule kuhakikisha, na habari iliyo sahihi itazidi kuwa sahihi baada ya dakika tano. Ni uongo peke yake usiostahimili kungojewa.

Na aliyekwisha kutapeliwa afanyeje? Apige 100 papo hapo aombe fedha izuiwe, maana ikiwa haijatolewa bado kuna tumaini. Asiufute ujumbe, aende polisi apewe namba ya taarifa yake, yaani RB. Kisha arudi nyumbani aseme. Hapa ndipo ninapowaomba kwa moyo wangu wote, wasikilizaji. Bibi aliyepoteza fedha zake kwa sababu alidhani mjukuu yu mahututi ameibiwa kwa mlango wa mapenzi. Mpangaji aliyelipa kodi kwa namba ya uongo ameibiwa kwa mlango wa uaminifu, kwa kuwa alitaka kulipa deni kwa wakati wake. Hizo ni tabia njema, nasi hatutaki zife katika nyumba zetu. Wako walimu, wako watumishi wa Serikali, wako watu wa elimu kubwa waliopatwa na hayo wakanyamaza kwa fedheha, na kunyamaza kwao kumekuwa riziki ya matapeli. Nyumba inayomsimanga aliyedanganywa inawafundisha wengine wote wasiulize, na kesho yake simu itakapolia, kila mmoja ataijibu peke yake.

Basi leo usiku, baada ya chakula, watu wa nyumba na waketi pamoja, na watoto wawepo na bibi awepo, wakubaliane juu ya hayo manne, na namba zile ziandikwe ukutani kabla ya kulala. Na itakapokuja simu ya kwanza ya kuyajaribu mapatano hayo, ikiwa na haraka zake na siri zake, jibu la kila mmoja wa nyumba hiyo liwe moja: "Ngoja kwanza, nikawaulize wenzangu."