Utafiti wa kutoka moyoni na utafiti wa kujaza fomu

Msikilizaji, utafiti unaweza kutimiza taratibu zote na bado usitafute chochote: dodoso limejazwa, sahihi zimewekwa, ripoti imeingia kabatini.

Mfano wa kinyume chake: mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe pande zote za taya, juu na chini. Majuma machache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, alitazama dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe uleule. Angeweza kuendelea na ratiba yake. Alitoka nje kumwangalia, kisha akaanza kupekua mafaili ya wagonjwa. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza kuhusu uvimbe huo hospitali baada ya hospitali. Uvimbe huo ni saratani ambayo leo inaitwa kwa jina lake, na sampuli zake zilizopelekwa London ziliwezesha kugunduliwa kwa kirusi cha Epstein-Barr mwaka 1964.

Wanaosimamia utafiti vyuoni kwetu wasiishie kuuliza kama ripoti imefika kwa wakati. Wamuulize mtafiti: ulimwona mgonjwa gani, na ulichoshindwa kukielewa ulikifuatilia mpaka wapi?