Kiwavi Mla Nzi

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimepewa dakika chache, nami nitazitumia kwa mdudu mmoja. Sote twamjua yule kiwavi atembeaye kwa kukunja mgongo, kama mtu apimaye kitambaa kwa shibiri. Akikua huwa nondo. Jamaa zake duniani ni maelfu, na karibu wote hula majani, maua na mbegu.

Mwaka 1972 mtafiti Steven Montgomery aligundua kwamba huko Hawaii wamo viwavi wa namna hii wanaokula nyama. Mmoja wao ni Eupithecia orichloris. Nondo wake alikuwa amekwisha kupewa jina na Edward Meyrick tangu 1899, lakini uwindaji huo ulikuwa bado kujulikana.

Kiwavi huyu hushika kijiti kwa miguu ya nyuma, akatulia tuli. Nzi akimgusa vinyweleo vya nyuma, yeye hugeuka kufumba na kufumbua na kumnasa kwa miguu ya mbele.

Kwa nini huko? Visiwa hivyo vilizuka baharini kwa nguvu za volkeno, zaidi ya kilomita 3,000 kutoka bara lolote. Wadudu waliofika wenyewe ni wachache. Vunjajungu hawakufika, wala sisimizi. Kazi ya kuvizia ikakosa mwenyewe, na viwavi wakaishika. Orichloris anaishi Kauai, Oahu, Molokai, Maui na kisiwa cha Hawaii chenyewe. Nje ya hapo hapatikani.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye hatari. Sisimizi na nyigu walioletwa na safari za wanadamu sasa wamo humo, nao huwinda viwavi. Kiumbe wa kisiwani hana pa kukimbilia. Akitoweka huko, ametoweka duniani.

Nanyi vijana, msidhani haya ni ya ng'ambo tu. Misitu ya Usambara na Uluguru nayo ni kama visiwa katikati ya mashamba, na wamo viumbe wasiopatikana pengine popote. Someni vitabu kwa bidii, kisha mtoke nje mkatazame. Jina la mdudu laweza kuwa limekwisha andikwa, na maisha yake bado.