Fedha ya Kundi ni ya Nani? Klabu ya Rotary ya Chicago na Uchangishaji Wake



Usharika unapotimiza miaka mia, vitabu vya hesabu hufunguliwa pamoja na vitabu vya ubatizo. Humo huonekana mabati, saruji, kengele, ndizi na kuku walionadiwa baada ya ibada. Huonekana pia swali ambalo kila kundi linalochangisha hukutana nalo: je, fedha hii ni ya wenye kundi, au ni ya jirani aliye nje ya uzio? Mada hii inalitazama swali hilo kupitia klabu moja ambayo haikuwa ya kanisa, iliyoanza ikiwa na jibu lisilopendeza.

Jioni ya tarehe 23 Februari 1905, wanaume wanne walikutana katika ofisi iliyokuwa kwenye jengo la Unity, jijini Chicago, Marekani. Paul Harris alikuwa mwanasheria, Silvester Schiele mfanyabiashara wa makaa ya mawe, Gustavus Loehr mhandisi wa migodi, na Hiram Shorey fundi wa nguo. Harris alikuwa amelelewa na babu na bibi yake katika mji mdogo wa Wallingford, Vermont, na upweke wa jiji kubwa ulimchosha. Alitaka marafiki. Waliamua kukutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, kesho kwa yule, na kutokana na mzunguko huo likapatikana jina la Rotary.

Urafiki huo, hata hivyo, ulikuwa na mkono wa biashara. Kila kazi iliwakilishwa na mwanachama mmoja tu, na wanachama walitarajiwa kununua kwa wenzao. Palikuwa hata na mwanachama aliyepewa kazi ya kuandika biashara iliyopita baina yao. Kwa lugha ya nyumbani, ulikuwa mchezo wa kupeana wenye daftari.

Mwaka 1906 mwanasheria wa hataza, Donald Carter, alialikwa kujiunga. Alisoma malengo ya klabu, akakataa. Hoja yake ilikuwa fupi: chama kinachojitumikia chenyewe hakiwezi kudumu; kifanye jambo fulani kwa ajili ya jiji. Wangeweza kumwacha aende zake. Badala yake walimwomba aingie na asaidie kuandika lengo jipya. Ni vigumu kutaja tendo lingine katika historia ya klabu hiyo lililozaa matunda mengi kuliko kukubali lawama ya mtu ambaye bado hakuwa mwanachama.

Kazi kubwa ya kwanza haikuwa ya kuchongwa kwenye jiwe la msingi. Ilikuwa vyoo. Katikati ya Chicago, mwanamume aliyebanwa na haja aliingia baa, na adabu ilimdai anunue bia; mwanamke aliingia duka kubwa. Kuanzia mwaka 1907 klabu ilitafuta vyama vingine vya raia, ikaishawishi serikali ya jiji ijenge vyoo vya umma karibu na ukumbi wake. Wenye viwanda vya bia walipinga, na wenye maduka nao, kwa sababu zinazoeleweka bila kuelezwa. Vyoo vilikamilika mwaka 1909. Hapo klabu ilijifunza kwamba kuchangisha si kukusanya noti pekee. Ni pia kuchangisha sauti za watu mpaka mwenye fungu kubwa alifungue.

Mwaka 1908 klabu ya pili ilianzishwa San Francisco, na miaka miwili baadaye zilikuwa 16. Mwaka 1917, katika mkutano mkuu uliofanyika Atlanta, Arch Klumph wa Cleveland alipendekeza klabu zote ziwe na mfuko mmoja wa kudumu wa kutenda mema duniani. Walipiga makofi. Mchango wa kwanza ulitoka klabu ya Kansas City mwaka uliofuata: dola 26 na senti 50. Wenye kutunza hazina za vikundi wataitambua hali hiyo, makofi mengi na kapu jepesi. Hadi mwaka 1928 mfuko ulikuwa na zaidi kidogo ya dola 5,000. Ni baada ya kifo cha Harris, Januari 1947, ndipo michango ya kumkumbuka ilipovuka dola milioni moja, naye alikuwa ametaka watu watoe kwenye mfuko badala ya kuleta maua.

Katika klabu za mahali, ukusanyaji ulibaki wa kawaida: chakula cha pamoja, bahati nasibu, mnada, na faini za utani kwa aliyechelewa au aliyetokea gazetini. Desturi iliyoenea ni kutenganisha akaunti mbili, ili ada za wanachama zilipie posta na chai, na fedha iliyotolewa na umma iende yote kwenye huduma. Kasoro nyingi za vikundi huanzia pale akaunti hizo mbili zinapokaa katika mkoba mmoja.

Lipo jambo la aibu, nalo halifai kurukwa. Kwa miaka zaidi ya 70 wanawake hawakuruhusiwa kuwa wanachama. Mwaka 1924 wake wa wanachama wa Manchester, Uingereza, wakiongozwa na Margarette Golding, waliunda chama chao, Inner Wheel. Klabu ya Duarte, California, iliyobakiwa na watu wachache, iliingiza wanawake. Mwaka 1978 ilinyang'anywa hati yake. Ilikwenda mahakamani, na tarehe 4 Mei 1987 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mlango hauwezi kufungwa. Jirani wa nje ya uzio mara nyingine alikuwa ameketi jikoni mwa nyumba ile ile.

Afrika Mashariki ilipata klabu yake ya kwanza Nairobi mwaka 1930, na Dar es Salaam ikafuata mwaka 1949. Lakini kilichofika nyumba nyingi zaidi ni matone ya chanjo. Mwaka 1979 mfuko ule wa dola 26 uliahidi dola 760,000 kwa chanjo ya polio ya watoto milioni sita nchini Ufilipino. Mwaka 1985 klabu za dunia zilijiwekea lengo la dola milioni 120. Kufikia 1988 zilikuwa na milioni 247. Mwaka huo huo mataifa yaliazimia kuutokomeza ugonjwa huo.

Tanzania ilikuwa na mgonjwa wake wa mwisho wa polio ya virusi vya asili mwaka 1996. Virusi hivyo vilipoonekana Malawi mwanzoni mwa mwaka 2022, wahudumu wa afya walitoka na masanduku ya baridi katika mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma, wakipita nyumba kwa nyumba, wakidondosha matone mawili kinywani mwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano.