Boksi Jeupe Lirudi Dunga: Mada kwa Wavuvi na Wachuuzi wa Samaki



Hapa ufuoni Dunga, Kisumu, nimeombwa nizungumzie maboksi ya stairofomu, haya meupe tunayopakia mbuta na ngege kwa barafu. Nianze na jambo ambalo najua wavuvi hawatalipenda. Boksi likichakaa, wengi hulikata vipande na kuvifunga kwenye nyavu viwe maboya. Tunasema tumelitumia tena. Kwa maoni yangu, hapo tumelitupa ziwani, ila kwa awamu.

Chukua boya la namna hiyo lililokaa majini msimu mmoja ulisugue kwa kidole gumba. Upande uliopigwa na jua umegeuka manjano na unatoa unga. Pale kamba ilipokaza, punje zinang'oka moja moja. Stairofomu hutengenezwa kwa punje ndogo za plastiki zinazofurishwa kwa mvuke kisha zikashikamanishwa, na takribani asilimia 98 ya boksi ni hewa tu. Kwa hiyo likimeguka halizami. Punje huelea, upepo wa alasiri huzisukuma hadi ufuoni, zikajichomeka kwenye gugumaji na kwenye mafunjo. Mafunjo haya ya Dunga ndiyo yanayotuletea wageni wa kutazama ndege, na ndimo samaki wadogo wanamojificha. Hakuna ufagio wala wavu utakaozitoa humo.

Wenzetu wa Mwanza, upande wa Tanzania, wamekwisha kuchunguziwa samaki wao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipasua matumbo ya sangara 20 (ndio mbuta wetu) na sato 20 (ngege) walionunuliwa sokoni, na plastiki ikathibitishwa kwa samaki mmoja kati ya kila watano. Haikuwa lazima itokane na maboksi, lakini ziwa ni hili hili, Victoria. Anayehitaji boya atumie dumu dogo lenye kifuniko. Likipotea, angalau litaonekana na kuokotwa likiwa zima.

Sasa boksi lenyewe. Linakufa mapema kwa sababu ndogo ndogo tunazoziona kila siku. Mpira wa kufungia boksi kwenye boda boda ukikazwa sana hula pembe. Kipande cha katoni nene kikiwekwa chini ya mpira, pembe inapona. Petroli ya injini ya boti ikidondokea boksi, inatoboa pale pale. Mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta iliyobaki baada ya minofu kukatwa, aliyetoka kwenye mafuta mtaani Obunga, akitiwa humo kabla hajapoa, huyeyusha sakafu ya boksi. Kisu ndicho adui mkubwa zaidi: mchuuzi hukatia samaki juu ya kifuniko, na katika mikwaruzo ile ute na damu hukaa, burashi haifiki. Boksi la namna hiyo hata likioshwa kwa maji yenye klorini bado litanuka kesho yake, na samaki wa kesho watanuka nalo. Hilo lisipakiwe tena chakula. Lakini lisilo na mikwaruzo, likioshwa, likaanikwa kivulini na kushonewa gunia kwa nje, linaweza kufanya safari nyingi kuliko tunavyolipa nafasi.

Lililostaafu lina kazi nyingine nyumbani: kulelea vifaranga, kuoteshea miche ya sukuma wiki, kuhifadhia barafu ya muuza soda. Mradi lisiwe mahali pa kupigwa na jua kali na kupeperushwa. Kazi moja naomba tuikatae kabisa, nayo ni kuwashia moto. Najua kipande chake hushika haraka kuliko kuni mbichi. Moshi ule mweusi una sumu, na unamfikia kwanza mama aliyeinamia karai, kisha samaki anayekaangwa.

Kuhusu kuyeyusha na kutengeneza kitu kipya, watu huja hapa wakitueleza habari za Japani, na ni kweli: katika soko la samaki la Toyosu, Tokyo, maboksi huingizwa kwenye mashine humo humo sokoni yakatoka yakiwa mabonge mazito ya plastiki, yakauzwa. Ila tupige hesabu yetu. Mita moja ya ujazo ya stairofomu ina uzito wa kilo 15 hadi 30. Tuseme 20. Pikapu iliyojazwa mita tatu za ujazo za vipande imebeba kilo 60, uzito wa abiria mmoja, na vipande havipangiki bila kuacha nafasi, kwa hiyo ni chini ya hapo. Mnunuzi wa plastiki chakavu analipa kwa kilo. Mafuta ya kufika kwenye viwanda vya Nairobi yanalipwa kwa kilomita, na ni zaidi ya 300. Bila mashine ya kugandamiza hapa Kisumu, biashara hiyo haipo, na anayewaahidi vinginevyo muulizeni nani analipia gari. Kitu kinachowezekana bila mashine kubwa ni kuvisaga vipande na kuvichanganya na saruji na mchanga kufyatua matofali mepesi ya kugawia vyumba. Ukuta unaobeba paa usijengwe nayo.

Kwa hiyo nguvu yangu yote naiweka kwenye kulirudisha boksi likiwa zima. Njia tunaijua tangu utotoni: chupa ya soda. Huna chupa, unaacha pesa. Ukirudisha, unapewa pesa yako. Boksi la Dunga lipakwe alama ya rangi, na mwenye hoteli mjini au mchuuzi wa soko la Kibuye aache amana. Njia hizi ni fupi na boda aliyepeleka samaki anarudi na keria tupu. Nairobi ni habari nyingine. Boksi tupu linakula nafasi sawa na lililojaa, na basi halitalibeba bure. La Nairobi libaki huko, liuzwe huko, karibu na viwanda.

BMU, yaani kitengo chetu cha usimamizi wa ufuo, ina uwezo wa kutunga sheria ndogo za ufuo, kwa hiyo marufuku ya maboya ya stairofomu inaweza kuanzia hapa hapa. Na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inatutaka tutenganishe taka zinazooza na zisizooza, yaani matumbo ya samaki na vipande vya boksi visikae pipa moja, jambo ambalo hapa ufuoni bado tunalichukulia mzaha.

Limebaki swali moja ambalo lazima mlijibu leo, maana mpango wote unaweza kufia hapo. Boda akianguka mtaani Nyalenda na boksi likapasuka, amana inakatwa kwa nani? Akina mama wachuuzi watasema kwa boda, boda atasema barabara ni mbovu. Mimi napendekeza boksi lililopasuka lirudishwe hivyo hivyo na vipande vyake vyote, na aliyeleta vipande arudishiwe nusu, awe yeyote. Nusu ya pili iingie mfuko wa BMU wa kununulia maboksi mapya. Wenye boda wanyooshe mkono kwanza, kwa sababu wao ndio watakaobeba.